UKOO HAUPIMWI KWA PUA
Juu ya kupanga lugha ndogo za Timor, Alor na Pantar, na somo lake kwetu

Kuko tabia moja katika vitabu vyetu vya mapokeo inayopaswa kukoma. Mutu anachukua maneno kumi ya lugha ya kwao, anachukua maneno kumi ya Misri ya zamani ao ya Kiebrania, anayapanga karibu karibu, kisha anaandika: «Munaona, bankambo wetu walitoka kule.» Mukutano unapiga makofi. Watoto wanakopia katika makaye. Kesho yake kabila jirani nalo linaleta orodha yake, kusudi lionyeshe kama lenyewe lilitoka mbali zaidi.

Nasema wazi: hiyo haiko elimu ya lugha. Ni bahati nasibu, na siku ingine ni hatari. Nitaonyesha kwa mufano wa mbali sana, makusudi, juu mambo ya kwetu yanatupandisha hasira mbele hatujafikiri. Mufano wenyewe ni jamaa moja ndogo ya lugha iliyo kule kati ya Indonesia na Australia. Wataalamu wameisumbukia karibu miaka makumi nane. Mara wameiweka huku, mara kule, mara wameiacha peke yake. Mutu asiyejua atacheka: «Bazungu nabo, wanapoteza wakati juu ya luga za batu wachache!» Mimi nasema ni katika mambo ya watu wachache njo tunaona vizuri kama njia ya kufikiri ni safi ao ni chafu.

1. Lugha zenyewe

Timor ni kisiwa kirefu. Upande wa magharibi ni wa Indonesia. Upande wa mashariki ni inchi yenye kujitawala tangu 2002. Kaskazini yake kuko visiwa viwili vidogo vyenye milima, Alor na Pantar. Katika eneo lile lote lugha nyingi ni za jamaa ya Austronesia, jamaa kubwa ajabu, ambayo inaanzia Madagascar hapa karibu na Afrika mupaka visiwa vya katikati ya Pasifiki. Tetum, lugha kubwa ya Timor ya Mashariki, ni ya jamaa hiyo.

Lakini kati yake kuko lugha ingine, zaidi ya 20, ambazo haziko za Austronesia hata kidogo. Kwa Timor ni Bunak, Makasae, Makalero na Fataluku. Kwa kisiwa kidogo cha Kisar ni Oirata, ndugu wa karibu wa Fataluku. Kwa Alor ni Abui, Kamang, Klon, Adang, Sawila, Wersing na zingine. Kwa Pantar ni Teiwa, Kaera na wenzake. Makasae inasemwa na watu zaidi ya 100,000. Zingine zinasemwa na watu elfu chache tu. Na kule Alor, katika muji wa Kalabahi, watoto wengi wanakomaa paka na Kimalayi, sawa vile watoto wa Lubumbashi wanakomaa na Kiswahili, na lugha ya nkambo wanaisikia tu kwa kilio.

Lugha hizo zinaitwa «za Kipapua». Hapa kosa la kwanza linaanza. Neno hilo halisemi lugha hizo ni nini. Linasema paka kile zisicho. Lugha yoyote ya Guinea Mpya na visiwa vya kando ambayo haiko ya Austronesia, wala ya Australia, inaitwa ya Kipapua. Ziko kama 800, na jamaa zake ni makumi. Ni sawa na kusema «wasio Wakatoliki». Ndani mutaweka Waprotestanti, Wakimbanguisti, Waislamu na watu wa vikundi vya maombi. Nani atasema hao wote ni kanisa moja? Kapu haliko nyumba. Vitu vilivyo ndani ya kapu moja havijazaliwa na mama moja.

2. Namna walivyozungushwa

Arthur Capell wa Australia alionyesha tangu 1944 kama katika Timor kuko lugha zisizo za Austronesia. Ilikuwa kazi nzuri: aliona mupaka, akautangaza. Juu ya Alor na Pantar ilipaswa kungoja. Mwaka ule ule wa 1944 mwanamuke wa Marekani, Cora Du Bois, alitoa kitabu kikubwa juu ya watu wa Alor, alioishi nao katika kijiji cha Atimelang kwa wasemaji wa Abui. Lakini yeye alitafuta mambo ya roho na malezi, hakutafuta ukoo wa lugha. Orodha za maneno za visiwa vyote viwili zilitolewa na Muholanzi W. A. L. Stokhof katika 1975.

Kisha wakaja wenye kupenda majumba makubwa. Katika 1971 Joseph Greenberg aliandika kama karibu lugha zote za Kipapua, pamoja na za visiwa vya Andaman na za Tasmania, ni jamaa moja aliyoiita Indo-Pacific. Jina la Greenberg tunalijua sisi: ni yeye aliyegawanya lugha za Afrika yote katika mafungu manne kwa kitabu chake cha 1963. Kwa Afrika mambo mengi aliyosema yalisimama, hata ikiwa fungu la Nilo-Sahara wengi bado wanalidai ushahidi. Kwa Pasifiki njia ile ile, ya kutazama maneno mengi ya lugha nyingi kwa mara moja na kuona yenye kufanana, haikuzaa. Indo-Pacific wataalamu waliikataa. Mwalimu ni mumoja, njia ni moja, matokeo mawili. Ni kusema kama jina la mutu halitoshi kuhakikisha kazi yake.

Katika 1975 Stephen Wurm na wenzake walitoa mupango mwingine: jamaa kubwa inayoitwa Trans-New Guinea, yenye lugha mamia. Lugha za Timor, Alor na Pantar ziliingizwa ndani. Tuwe wa haki: wao wenyewe walisita. Walikubali kama lugha hizo zina pia alama nyingi za jamaa za upande wa magharibi wa Guinea Mpya, na wengine wakati ule waliona ni kule njo kwao. Lakini munajua namna mambo yanavyoendelea. Kitabu cha kwanza kinasema «labda». Cha pili kinakopia bila «labda». Cha tatu kinachora karte yenye rangi moja. Na karte ikiisha kuchorwa, nani atabishana na rangi?

3. Ushahidi wa «mimi» na «wewe»

Katika 2005 Malcolm Ross alileta hoja yenye nguvu zaidi. Hakutegemea maneno ya kila namna. Alitazama viwakilishi: mimi, wewe, yeye, sisi. Sababu yake ni nzuri: watu wanaazima majina ya vitu upesi, lakini hawaazimi «mimi» na «wewe» kwa urahisi. Kwa lugha mama ya Trans-New Guinea wanahesabu kama «mimi» ilikuwa na, na «wewe» ilikuwa ga. Tukienda Alor na Pantar tunakuta kweli na kwa «mimi». Na ga iko pia. Wengi wakafurahi.

Lakini ngojeni. Kule Alor na Pantar ga haiko «wewe». Ni «yeye»! «Wewe» ni a ao ha. Kwa hiyo, ili ukoo usimame, inapaswa kwanza kukubali kama siku moja «wewe» na «yeye» walibadilishana viti. Ross alijua jambo hilo, na alilisema waziwazi; kwake mupango muzima, a kwa mumoja na i kwa wengi, ulikuwa na nguvu ya kutosha. Anastahili heshima juu hakuficha. Lakini mimi nauliza: kama inaruhusiwa kubadilisha viti kila mara maneno yanapokataa kuitika, ni lugha gani ya dunia itabaki inje ya nyumba?

Tena sauti n kwa «mimi» inapatikana pembe nyingi za dunia. Sisi tunasema ninaenda. Kule Alor na Pantar ni- ya zamani ni «sisi», bila wewe unayeambiwa. Je, tuseme Waswahili na watu wa Alor ni wandugu? Mutacheka. Lakini orodha ngapi zilizochapwa kwetu zimesimama juu ya nguzo nyembamba kuliko hiyo?

Na kama munataka orodha ya kweli ya kudanganya, hii hapa. Kwa Tetum ya Timor meza ni meza. Viatu ni sapatu. Kwa Lingala ni sapato. Bendera ni bandeira; Lingala inasema bendele. Maneno matatu, matatu yote yanaitikiana kuliko yale ya Misri! Mutu wa orodha angeisha kutangaza kama bankambo walivuka bahari. Kumbe ni Mureno tu aliyevuka bahari. Alipita pwani ya Kongo na pwani ya Waswahili, alipita Timor, akaacha meza yake, viatu vyake na bendera yake kila fasi.

4. Kazi ya kweli inavyofanana

Basi ukoo wa lugha unajulikana kwa nini? Haujulikani kwa kufanana. Unajulikana kwa kutofautiana kwenye mupango. Wasomaji wengi watashangaa, lakini fikirini lugha za kwetu. Kiswahili kinasema kupa, Kinyarwanda kinasema guha. Kiswahili kupita, Kinyarwanda guhita. Kiswahili kupoa, Kinyarwanda guhora. Kiswahili kupumua, Kinyarwanda guhumeka. Kila fasi Kiswahili kinaweka p mwanzoni mwa neno, jirani anaweka h. Bahati haifanyi hivyo. Kuazima pia hakufanyi hivyo. Ni alama ya kidole ya mama moja.

Kule Alor wamepata alama za namna hiyo. Nguruwe, nyama wa mali na wa sherehe kule, kwa Kaera ni bei, kwa Kamang ni pe, kwa Abui ni fe. Samaki kwa Kamang ni api, kwa Abui ni afu. Munaona: fasi Kamang iko na p, Abui iko na f, hata neno lenyewe likiwa limebadilika sura. Na «yeye», ambayo kwa Teiwa inaanza na g, kwa Abui inaanza na h. Kazi ya namna hiyo, neno kwa neno, sauti kwa sauti, ilitolewa katika 2012 na Gary Holton, Marian Klamer, František Kratochvíl, Laura Robinson na Antoinette Schapper. Walionyesha kama lugha za Alor na Pantar ni jamaa moja kweli. Mwaka ule ule Schapper, pamoja na Juliette Huber na Aone van Engelenhoven, walifanya vile kwa lugha za Timor na Kisar, na baadaye, katika 2014, walionyesha namna zinavyoungana na zile za Alor na Pantar.

Angalieni utaratibu huo. Kwanza nyumba, kisha kijiji, kisha inchi. Wale wa 1975 walianza na inchi.

Kisha Robinson na Holton wakauliza tena swali kubwa: jamaa hiyo ndogo, ikiisha kusimama kwa miguu yake, inaungana na Trans-New Guinea? Wakapima. Wakajibu kama ushahidi hautoshi, si kwa Trans-New Guinea, si kwa jamaa ya magharibi. Wakaiacha peke yake. Kuko waliosema huko ni kurudi nyuma: tulikuwa na nyumba kubwa, sasa tuko na kibanda.

Lakini historia haikuishia pale. Katika 2022 Timothy Usher na Schapper walirudi na ushahidi mupya. Walionyesha kama lugha za Timor, Alor na Pantar zina wandugu kwa peninsula ya Bomberai, upande wa magharibi wa Guinea Mpya, kilometa kama 1,000 kutoka Timor: lugha sawa Iha, Mbaham na Kalamang. Hapo tena walifuata alama za sauti, hawakupima kwa macho. Ikiwa nyumba hiyo mupya itaingia siku moja katika jamaa kubwa zaidi, hilo ni swali lingine, na litadai ushahidi wake lenyewe. Kwa hiyo, wale waliokubali kukaa muda katika kibanda njo waliopata ndugu wa kweli.

5. Wenye kubisha

Wa kwanza wanasema: «Bila watu wa kuthubutu, sawa Greenberg na Wurm, hakuna angetafuta.» Ni kweli nusu. Kuthubutu ni kuzuri kama kunabaki na jina lake: dhana. Mutu anayesema «nafikiri huyu ni ndugu yangu, tutafute» ni mutu wa akili. Mutu anayesema «huyu ni ndugu yangu, nipe kiwanja chake» ni mutu mwingine.

Wa pili wanasema: «Hayo ni ya maprofesa, sisi tunataka mutoto ajivune na asili yake.» Mimi pia nataka ajivune. Lakini lugha ya Bunak inapoteza nini ikiwa haina ndugu mwenye jina kubwa? Na Kilega ao Kibemba inazidi nini ikiwa inaitwa mutoto wa Farao? Kutafuta baba tajiri ni alama kama unamuonea baba yako haya.

Wa tatu wanasema: «Hata wazungu walitupanga kwa haraka.» Hapo nakubali kwa mikono miwili. Malcolm Guthrie aliyagawanya maeneo ya lugha za Kibantu kwa herufi: Kiluba cha Katanga L33, Kibemba M42, Kilega D25. Herufi zile ni anwani, sawa numero ya avenue. Zinasaidia kufika, hazisemi nani alizaliwa na nani. Wengi wetu tunazisoma kama kitabu cha ukoo. Lakini dawa ya haraka ya wengine haiko haraka yetu.

6. Juu ya nini jambo hili si muchezo

Sasa nakuja kwa neno lililonifanya niandike. Ukoo wa lugha ni ukoo wa lugha. Hauko damu, hauko udongo, hauko haki ya kukaa.

Tazameni Timor. Katika 2007 Andrew McWilliam aliandika juu ya Wafataluku: lugha yao ni ya Kipapua, lakini nyumba zao za ukoo, ndoa zao na desturi zao zinafanana sana na za majirani wa Austronesia. Watu walichanganyikana miaka mingi; lugha moja ilibaki, desturi zikaenda pamoja. Nani hapo ni «mwenyeji» na nani ni «mugeni»? Lugha peke yake haiwezi kujibu.

Katika 2006 inchi ile changa iliingia katika machafuko. Watu wa mashariki na watu wa magharibi walifukuzana katika muji mukuu wa Dili, nyumba zikachomwa, watu kama 150,000 wakakimbia. Kama ingekuwa kweli lugha inagawanya damu, vita ingefuata mupaka wa lugha. Haikufuata. Upande wa mashariki kuko Wamakasae na Wafataluku, wenye lugha za Kipapua, lakini pia wasemaji wa lugha za Austronesia. Na Wabunak, wenye lugha ya Kipapua, kwao ni upande wa magharibi. Mupaka uliomwaga damu ulitengenezwa na siasa na hofu, haukutengenezwa na bankambo.

Na kwetu? Ituri inatosha. Kilendu ni lugha ya fungu la Sudani ya Kati, haiko ya Kibantu. Tangu 1999 mupaka 2003 vita kati ya Wahema na Walendu viliua maelfu ya watu, na mauaji yalirudi tena baada ya 2017. Wako waliosema ni vita ya «Wanilotiki na Wabantu» ao ya «Wahamite na wenyeji», kama vile ilikuwa imeandikwa katika damu. Lakini Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu! Lugha ya nyumbani kwao ni lugha ya wale walioitwa maadui wao, na Wahema wa kusini njo wenye lugha ya Kibantu. Basi jedwali gani la lugha litakuambia nani wa kumuua? Yale majina, Hamite na mengine, yalitoka kwa watu waliopima pua na kusema wamepima ukoo. Sisi tukachukua kipimo chao, tukaendelea kupima.

7. Tunachoomba

Katiba yetu ya 2006, kwa kifungu cha kwanza, inasema lugha zingine za inchi ni sehemu ya urizi wa utamaduni ambao Serikali inapaswa kuulinda. Haikusema lugha zenye ukoo mukubwa. Ilisema zote. Katiba ya Timor ya Mashariki nayo inasema lugha zingine za taifa zitathaminiwa na kuendelezwa, pamoja na Tetum.

Kwa hiyo naomba wandugu wanaoandika katika vitabu sawa hiki wafuate mambo mane. Kwanza, kama unasema lugha mbili ni wandugu, onyesha sauti zinazoitikiana katika maneno mengi, usionyeshe paka maneno yanayofanana. Pili, toa kwanza maneno ya kuazima: ya Mureno, ya Mwarabu, ya Mufaransa, ya soko na ya kanisa. Tatu, anza na majirani wa karibu kabla ya kukimbilia Misri. Nani amelinganisha vizuri lugha ya kijiji chako na ya ng'ambo ya muto? Ine, usiandike hata siku moja kama ukoo wa lugha unampa mutu udongo ao unamunyima.

Na zaidi ya yote, andikeni maneno ya wazee wangali wazima. Kilichowaokoa watafiti wa Alor hakikuwa nadharia kubwa. Zilikuwa orodha za subira, kijiji kwa kijiji, nguruwe na samaki, mimi na wewe. Mwenye orodha hiyo anaweza kungoja miaka makumi mpaka ndugu wa kweli aonekane. Asiye nayo atabaki na hadithi ya Farao, na siku wazee wakiisha, hata hiyo hatakuwa na lugha ya kuisimulia.